Asumini za Mbeyu

Katika mtaa wa Kibokoni, Mombasa, miaka ile ya hamsini, bibi harusi asiyevishwa koja la Mwanasiti binti Athmani alihesabiwa kuwa ameolewa kwa haraka. Mwanasiti alikuwa mtunga maua. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mcheshi akishiba na mkali akitunga. Alianza kutunga asumini akiwa na miaka tisa, ubavuni mwa nyanyake, na tangu nyanyake afariki hakumruhusu binadamu mwingine aguse maua yake. Wanafunzi watatu waliletwa kwake kwa nyakati tofauti, na wote watatu walirudi kwao wakilia. Wa kwanza alivuta uzi mno, wa pili aliyafinya maua, na wa tatu, maskini, alipiga chafya tu.

Mdogo wake aliolewa Shimoni, na huko huko akafariki, akaacha binti wa miaka sita aitwaye Mbeyu. Kabla hajakata roho alimshika dadake mkono.

"Siku ya Mbeyu umvishe maua wewe, dada. Sitaki mwanangu avishwe kama mtoto asiye na mtu."

Mwanasiti aliapa. Miaka kumi na mitatu baadaye siku yenyewe ikafika, na hapo ndipo maringo yake yalipomponza. Uani kwa Matano, babake Mbeyu, palikuwa na mti wa asumini uliojaa tele. Mwanasiti alimpelekea salamu kwamba maua hayo asiyaweke, awaachie majirani wachume wamalize, kwa kuwa asumini ya Shimoni inanuka chumvi. Matano ni mtu mtiifu. Majirani wakachuma, wakamaliza. Kwa hiyo harusi nzima ikawa inalitegemea kapu moja litokalo Mombasa.

Asumini haina subira. Huchumwa alfajiri ikiwa tumba, hutungwa ikiwa tumba, na jua likizama huchanua. Ikishachanua, ukiichoma sindano inakumwagikia mapajani. Na ukiitunga mapema ukaikunja kapuni, huvilia na kuwa nyekundu kabla hujafika. Mwanasiti aliyajua yote hayo, akayapigia hesabu zake vizuri: angevuka feri asubuhi, angepanda basi la Shimoni pale Likoni saa sita, na alasiri angekuwa kwa Matano amekaa mkekani, anatunga. Aliyafunika matumba kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, akalipakata kapu kama mtoto mchanga. Abiria mwenzake alipojaribu kumsaidia kulipandisha, alimpiga kofi mkononi.

Abiria huyo alikuwa Mselem, mvuvi wa Shimoni mwenye mvi, aliyekuwa akirudi na mzigo wa uzi wa nyavu. Hakukasirika. Aliketi kiti cha nyuma yake, na njia nzima, Tiwi, Ukunda, Msambweni, akawa anavuta pumzi kwa nguvu na kusema, "Alhamdulillahi, leo basi linanukia."

Walipouvuka mto Ramisi, mpira wa nyuma ukapasuka.

Dereva, jina lake Boga, aliteremka akaufungua, akautia kiraka, akaujaza upepo kwa pampu ya mkono huku jasho likimtiririka. Basi lilikwenda hatua chache na kiraka kikabanduka. Akaanza upya. Watu wakaswali alasiri kando ya barabara, wakarudi, na Boga bado alikuwa chini amepiga magoti, anausugua mpira na kuuapiza.

Mwanasiti alifunua jani la mgomba. Matumba yalikuwa yameanza kunenepa. Akatoa sindano yake na kibonge cha uzi, akaanza kutunga pale pale kitini. Alitunga kwa kasi ambayo hajapata kutunga maishani, na bado alipoinua macho alikuwa amemaliza koja moja tu. Yalibaki makoja mengine, mashada ya nywele na vikuba vya kifuani, na jua limekwisha kuinama. Machozi yakamtoka. Alimwona mdogo wake kitandani, akausikia ule mkono, akajua kwamba anakwenda kusema uongo kwa maiti.

"Bi Mwanasiti," akasema Mselem taratibu, "mikono hii imefuma nyavu miaka arobaini. Nipe uzi."

"Mikono ya papa!" Mwanasiti akamaka. "Mwanangu aingie kwa mumewe ananuka papa?"

Basi zima likacheka, na Mselem mwenyewe alicheka kuliko wote. Akainusa mikono yake akakiri kwamba kweli ni papa, na pengine na samaki taa kidogo.

Ni Kahaso aliyeleta dawa. Kahaso alikuwa mkulima aliyepandia Msambweni na kapu la ndimu na mzigo wa mafagio ya chelewa. Alisimama katikati ya basi akazipasua ndimu zake bila kuulizwa. "Haya, osheni mikono," akasema. "Na sindano hizi hapa." Akalifungua fagio moja, akachomoa vijiti, akavichonga ncha kwa kisu na kuvipasua kidogo nyuma ili vishike uzi.

Mwanasiti aliyatazama matumba, akaitazama mikono ile inayochuruzika ndimu. Alimnusa Mselem vidole, kimoja kimoja, mbele ya watu. Kisha akafanya jambo ambalo Kibokoni hakuna aliyeliamini hadi leo. Akalisukuma kapu mbele.

"Chomeni kwenye kikonyo, si tumboni," akasema. "Na atakayefinya nitamshusha basini!"

Basi wakatunga. Wanaume waliokuwa wakienda kuvua, kulima na kudai mahari walikaa wameinamisha vichwa, ulimi nje, wakipitisha asumini kwenye vijiti vya fagio. Mwanasiti alitembea baina ya viti akisahihisha, akikaripia, na baada ya muda akijisikia anacheka. Kahaso akaanzisha wimbo wa harusi, wengine wakaupokea, na yule aliyekosa kijiti akapiga makofi. Kila koja lililokwisha lilitundikwa kwenye bomba la juu, lisikunjwe. Boga alipomaliza mpira naye akaosha mikono kwa ndimu, akaja anataka kijiti.

"Wewe endesha!" basi zima likamjibu. "Na pole pole!"

Waliingia Shimoni adhana ya magharibi ikilia. Asumini zilikuwa zinachanua huko juu, moja baada ya moja, na harufu ikatangulia barabarani kabla ya basi lenyewe. Wanawake waliokuwa mlangoni kwa Matano, nyuso zimewasawajika kwa kungoja, waliinusa kwanza, ndipo wakaona basi. Vigelegele vikapasua anga.

Chumbani, Mwanasiti alimvisha Mbeyu kwa mikono yake mwenyewe, koja baada ya koja. La mwisho lilikuwa na mafundo ya ajabu, madogo na magumu, kila baada ya maua matano. Lilikuwa fundo la wavu. Siku nyingine angelikata lote.

Mbeyu akaligusa. "Mama mkubwa, haya yote ni mkono wako?"

Mwanasiti akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Nilimwahidi mama yako nitakuvisha mimi, nami ndiyo nakuvisha. Lakini umetungiwa na basi zima. Mama yako alichelea uvishwe kama mtoto asiye na mtu." Akalia waziwazi mbele ya makungwi wote, na furaha ikamjaa hata hakuona haya. "Hebu sikiliza watu wako walivyo wengi."

Nje, basi halijageuzwa. Boga alikuwa anapiga honi kwa mahadhi ya wimbo wa Kahaso, na abiria waliokataa kushuka vituoni mwao kabla ya maua kufika walikuwa wanakula pilau uani kwa Matano. Mselem akasogea karibu na dirisha la chumba, akageukia pembeni kwa adabu, akauliza kwa sauti kama fundo lake limeshika.

Mwanasiti akalilaza koja lile shingoni mwa Mbeyu, juu ya mengine yote.

"Limeshika, ndugu yangu," akajibu. "Limeshika."