Mashine Iliyokataa Kidole Changu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kununulia tumbaku nje kidogo ya Kehancha, nilipewa ndoano, sikupewa kiti. Ndoano ni chuma cha kuchomea belo, na belo ni mzigo wa majani makavu uliobanwa kwa nguvu na kushonewa ndani ya gunia. Unachoma, unavuta, unapandisha kwenye mizani, unashusha. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo sikulalamika. Lakini kutoka pale mizanini nilimwona karani ameketi kivulini na shati lake safi, nikajiambia kile kiti siku moja kitakuwa changu.

Na kilikuwa changu. Karani yule alipohamia Migori mjini, meneja wa wakati ule, mama mkali tuliyemwita Madam tu, alinisimamisha mbele ya wapagazi wote.

"Marwa, keti hapo. Ukiharibu, unarudi kwenye ndoano."

Sikuharibu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kampuni ilikuwa imetuletea kompyuta ya kukunja, laptop, nzito kama jiwe la kusagia. Chini ya vitufe vyake ilikuwa na gololi. Unaizungusha kwa kidole na mshale unatembea kwenye kioo mpaka kwenye gredi, yaani daraja la ubora aliloita mkaguzi wa majani. Unabonyeza, belo linalofuata. Gololi haikuuliza kidole chako kimeshinda wapi. Ikijaa vumbi unaitoa, unaipangusa kwa shati, unairudisha mahali pake.

Kisha Madam akaondoka, akaja Samwel Ogendo. Wengine wakisimulia mambo kama haya husema "bosi fulani". Mimi nasema Ogendo. Alikuja na shemeji yake, Evans, mwenye cheti cha sekondari na hana kazi. Kila asubuhi Evans alisimama nyuma ya kiti changu, eti anajifunza. Nilikuwa nasikia pumzi yake shingoni.

Msimu ule ikaletwa laptop mpya. Fundi wa kampuni aliileta kutoka Homa Bay, akamwachia meneja ofisini, akarudi siku hiyohiyo kabla sijamwona. Ogendo akatukusanya.

"Hii haina gololi," akasema, akituonyesha kibao kidogo cha kijivu, laini, chini ya vitufe. "Unapapasa tu, kama shavu la mtoto. Na huu ni mwanzo. Huko mbele hata vitufe vitaondolewa. Mtagusa kioo chenyewe na mashine itatii."

Robi, mama aliyeshona magunia, akauliza, "Na sisi wenye mikono ya jembe, bwana meneja, tutagusa na nini? Na pua?"

Watu wakacheka. Ogendo hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Nyumbani nilikuwa bado nalima tumbaku. Anayelima anajua: unapochuma majani mabichi, utomvu wake unaganda vidoleni, mweusi kama lami, na ngozi iliyo chini yake inakuwa ngumu kama kisigino. Sabuni haiutoi.

Siku ya ununuzi ilianza na wingu zito upande wa Ntimaru. Mikokoteni ya ng'ombe ilipangana mpaka barabarani. Tumbaku ikinyeshewa inashuka gredi, na kila mkulima aliyekuwa pale alikuwa na jicho moja kwa wingu na jingine kwangu. Mkaguzi akaita gredi ya belo la kwanza. Nikaweka kidole cha shahada kwenye kibao, nikapapasa. Mshale ukatulia kama umepigiliwa msumari.

"Gusa," Ogendo akasema nyuma yangu.

"Nagusa, bwana."

"Gusa kama mtu anayetaka kazi!"

Nikakandamiza. Hakuna kitu. Mkulima mmoja akapaza sauti, "Karani, umelala? Mvua hiyo inakuja na wewe unabembeleza meza!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anaiposa." Jasho likanitoka mgongoni. Evans alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Robi akaja mbio na nyanya mbichi, ya kijani, akaikata kwa sindano yake ya magunia. "Sugua, Marwa. Sugua haraka." Maji ya nyanya mbichi ndiyo hutoa utomvu wa tumbaku. Nikasugua mpaka ngozi ikawaka. Nikagusa tena, na sasa mshale ukaruka huku na huku kama panzi, kwa sababu kidole kilikuwa kimelowa. Nikakausha kwenye suruali. Ukatulia tena, haujui nipo.

Hapo nikajaribu kidole cha mwisho, kile kidogo. Sijui nani aliniambia. Nadhani ni woga. Kidole hicho hakichumi wala hakishiki ndoano. Kilikuwa laini bado. Mshale ukasogea.

Nikaenda nao polepole mpaka kwenye gredi, nikabonyeza. Belo la kwanza likapita. La pili. La tatu. Wakulima wakaanza kutania, "Tazama, karani anashika kikombe cha bwana mkubwa!" lakini foleni ilikuwa inatembea, na mimi moyoni nilikuwa naanza kupumua.

Ogendo akaweka mkono wake juu ya wangu. "Toka."

"Bwana meneja, inakwenda."

"Hii ni ofisi ya kampuni, si mchezo wa watoto. Mkono wako mashine imeukataa, wote wameona. Evans, keti."

Evans akaketi. Na niseme kweli, aliifanya kazi vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Watu wote walirudi nyumbani siku ile wakiamini nilishindwa na mashine. Hata mke wangu aliamini. Hata mimi.

Nikahamishiwa Homa Bay, bohari ya mbolea na magunia, nikapewa ndoano tena. Msimamizi wa bohari, Bi Akinyi, alikuwa mtu wa haki, lakini gunia ni gunia. Mgongo wangu uliharibikia pale.

Siku moja Ouma, yule fundi wa kampuni, alikuja kutengeneza mashine ya ofisini. Aliposikia nilitoka Kehancha, akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, kile kipanya nilichowaletea, hakikufanya kazi?"

"Kipanya gani?"

"Cha waya, cha kusogezea mshale. Kibao hakisikii ngozi ngumu iliyokauka, hilo linajulikana. Nilimwambia Ogendo mwenyewe: mwenye mikono ya kazi atumie kipanya. Akakitia kwenye droo mbele yangu."

Nilishindwa kushusha gunia nililobeba. Bi Akinyi, aliyesikia yote, akapiga simu Kehancha palepale. Ogendo akajibu kwamba kilipotea. Bi Akinyi akaweka simu chini. "Marwa, kile kiti kimeshakaliwa." Hakuna aliyeadhibiwa. Nilibeba mbolea mpaka nikastaafishwa kwa ugonjwa wa mgongo, nikiwa sijazeeka.

Sasa vijana mnatelezesha vidole kwenye vioo mchana kutwa, na mnaona mambo yamekuwa mepesi kwa kila mtu. Juzi nilikwenda kujiandikisha kwa matibabu katika ofisi moja Migori. Wakaniwekea kioo kidogo cha kusoma kidole. Nikagusa. Nikagusa tena. Karani, binti mpole, akatikisa kichwa.

"Mzee, kidole chako hakisomeki. Rudi siku nyingine."

"Kuna njia nyingine ya kuniandika?"

"Hakuna, mzee."

"Fungua droo."

"Droo gani?"

"Hiyo iliyo hapo magotini pako. Fungua uniambie kuna nini. Kama hakuna kitu, mwite mkubwa wako aje aniambie yeye."

Walio nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema nisimame, niwapishe wenye vidole vizuri. Nilikishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Mwite," nikamwambia binti. "Mimi sisimami."