Suti Mpya ya Fundi Mkono Mmoja

Mikono miwili mizima anayo, lakini watu hawamwiti ila Mkono Mmoja. Ni fundi wa amplifaya za zamani, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Kila akifungua mgongo wa amplifaya, mkono wa kushoto huuficha mfukoni, umeme usije ukavuka kifuani. Ujanani aliingiza yote miwili, kapasita, kile kidude kinachoweka akiba ya umeme, ikamrusha hadi juu ya kapu la vitunguu la mkewe, na waya alikwisha kuuchomoa ukutani!

"Kapasita ni kama wifi," husema. "Wewe unadhani yamekwisha, mwenzio kaweka moyoni."

Dada yake, mpiga gitaa, alinuna kwa neno hilo wiki nzima. Lakini aliahidi: binti kitindamimba wa fundi ataingia harusini mwake kwa gitaa la shangazi yake, na amplifaya ileile iliyombembeleza utotoni.

Siku ikafika. Bibi harusi yuko mlangoni, shangazi akapiga, amplifaya ikalia wiiiii! kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Mkwe," akasema baba wa bwana harusi, "nina spika mpya garini. Mzee huyo wa valvu mpumzisheni."

"Dakika mbili, mkwe!"

Fundi mbio nyuma ya amplifaya, akafungua, akapeleka mkono mfukoni. Wapi! Suti mpya, mifuko bado imeshonwa tangu dukani.

"Mama watoto! Mfuko umefungwa!"

"Si uweke mkono popote!"

"Popote siwezi! Mkono huu una kwao!"

Mkewe na gauni lake la kumetameta akapiga magoti mbele ya wakwe, akang'ata uzi. Kra! Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Wifi," shangazi akapiga kelele, "meno hayo ulikuwa umeyaficha wapi?"

Mkono ukazama. Kwa ule wa kulia fundi akagonga valvu kwa penseli, moja moja. Kimya. Kimya. Ya mbele: ngoo! kwenye spika.

"Mbea ni huyu!"

Ya akiba hana. Akaichomoa kwa leso, akaibadilisha na ya nyuma kabisa, ambako hata ikipayuka haisikiki.

Shangazi akapiga. Sauti ikatoka nene, tamu, hadi bibi harusi akaingia anaruka. Fundi akamfuata akicheza, mkono mmoja juu, mwingine mfukoni. Baba wa bwana harusi akaona raha, akataka kuiga. Mkono ukagoma: naye suti mpya!

"Mama watoto!" akamwita mke wake mwenyewe. "Njoo na meno!"