Maji ya Bomba Kwenye Rejeta

Ummukulthum, mzaliwa wa Wete, Pemba, alikuwa akifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao huko Thamesmead, London. Mumewe, Mansour, alikuwa fundi magari, na nusu ya magari ya mtaa wao yalikuwa yamepita mikononi mwake. Walikaa ghorofani, jikoni mwao mkiwa na dirisha lililotazama maegesho, ambako Toyota yao ya kijivu ilisimama.

Mwaka uliopita, msimu wa baridi ulipokwisha, Mansour alipatwa na kiharusi akiwa gereji. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamkimbia. Kila alichoambiwa alikielewa, ila yeye akitaka kusema kitu, hutoka kingine. Akitaka chumvi husema "mlango", kisha hukasirika na kunyamaza. Ikafika hadi akaacha kujaribu. Akawa anashinda jikoni, kwenye kiti cha dirishani, akitazama chini.

Ummukulthum akabeba mambo yote yaliyokuwa ya mumewe, gari likiwemo. Siku moja ya joto aliona taa nyekundu imewaka. Akafungua boneti, akakuta maji ya rejeta yamepungua, akajaza kwa jagi la jikoni. Taa ilipowaka tena akajaza tena, na hivyo hivyo mpaka majani yakaanza kupukutika. Hakujua kwamba kulikuwa na mpira unaovuja. Wala hakujua kwamba kila jagi lilizidi kuipunguza ile dawa inayowekwa ili maji yasigande kwenye baridi.

Januari baridi ilishuka, na madimbwi ya maegesho yakageuka vioo. Asubuhi moja walikuwa na miadi ya mazoezi ya kusema. Ummukulthum alimteremsha mumewe pole pole, akamfunga mkanda wa kiti, akawasha gari. Chini ya boneti ukatoka mlio mkali, kama bati linalokwaruzwa.

Mansour akapiga dashibodi kwa mkono wa kushoto.

"Zima," akasema.

Akazima. Alikuwa amekwisha kutoa ufunguo alipotambua kwamba neno lile lilikuwa ndilo, na limekuja kwa wakati wake. Akamtazama mumewe. Mansour alikuwa akiitazama boneti, amekaza uso.

"Maji yameganda," akasema taratibu. "Pampu haizunguki."

Miadi ikawapita. Ummukulthum alimpigia simu binti yao, Hayat, anayekaa Harrow. Hayat akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba gari lenyewe zee, liuzwe chuma chakavu. Mansour alisikia akatikisa kichwa. Alitaka kwanza kujua injini imeumia wapi. Ikabidi wangoje barafu iyeyuke yenyewe, na zile siku za kungoja Ummukulthum alilala vibaya. Yeye ndiye aliyetia maji.

Baridi ilipolegea alimpigia simu Nikhil, mwenye gereji, Mhindi wa Mombasa aliyefanya kazi na Mansour tangu wote wawili wangali vijana. Nikhil akaja mchana na mfuko wa vifaa. Alimkuta Mansour amekwisha kukaa kwenye kiti cha jikoni pale pale maegeshoni, kajifunika blanketi mpaka kifuani, na Ummukulthum yuko kando yake ameshika tochi.

"Haya Fundi," Nikhil akamwambia, "mikono yangu ni yako leo. Nianze wapi?"

"Oili," Mansour akasema.

Nikhil akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Mansour akakiomba akitazame mwenyewe. Kama maji yangeingia ndani, oili ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, safi. Ummukulthum akashusha pumzi, lakini Mansour akaonyesha kwa kidole ubavuni mwa injini. Pale Nikhil alikuta tundu la duara, na kizibo chake cha bati kimening'inia nje. Barafu ilivimba ikakisukuma. Mara nyingine, Nikhil akamweleza Ummukulthum, kizibo kikitoka hivyo chuma chenyewe hupona. Mara nyingine hakiponi.

Akatia kizibo kipya, akabadilisha mpira uliovuja, akajaza maji, akafunga pampu ya mkono mdomoni mwa rejeta, waone kama kuna pengine panapovuja. Akapiga pampu mpaka mshale wa geji ukapanda. Wote watatu wakautazama. Ukatulia kidogo, kisha ukaanza kushuka, pole pole.

"Futa," Mansour akamwambia mkewe. "Pale. Kisha pitisha mkono."

Ummukulthum akainama, akalikausha bloku, lile chuma kubwa lenyewe la injini, kwa kitambaa, akapitisha vidole kwenye chuma baridi. Akahisi unyevu. Akamulika tochi akaona mstari mwembamba kama unywele, na matone madogo yanatoka humo, moja baada ya jingine. Hakuhitaji kuambiwa. Bloku limepasuka, na injini haifai tena.

Nikhil akasema anakwenda kuchukua kitu garini mwake, akakawia huko makusudi.

"Ni mimi, Baba Hayat," Ummukulthum akasema. "Nilitia maji ya bomba. Sikujua."

Mansour akamshika ule mkono ulioloa.

"Nilikuona," akasema. Akalitafuta neno, naye mkewe hakumharakisha. "Dirishani. Kila mara. Nilitaka kukwambia. Neno... halikuja."

Ummukulthum akakumbuka mara zile alipopanda juu na jagi tupu akamkuta mumewe amekunja uso, akigonga kioo kwa kidole, naye akadhani amechoka au ana njaa. Akalia pale pale, huku ameinamia injini. Mansour hakumwachia mkono.

Nikhil aliporudi alijitolea kutafuta injini nyingine iliyotumika. Mansour akafikiri kidogo, akasema gari liende. Likachukuliwa wiki ile.

Kwenye miadi iliyofuata walikwenda kwa basi, na Ummukulthum akamsimulia mtaalamu wa mazoezi ya kusema, Maureen, yaliyotokea. Maureen akauliza kama wanaweza kupata vyuma vya gari, Mansour ajizoeze kuvitaja. Nikhil akawapa boksi zima la vipuri vibovu, na tangu hapo kila alasiri wakawa wanavipanga mezani juu ya gazeti. Mansour anataja plagi, beringi, gasketi, naye Ummukulthum anarudia nyuma yake, hata majina asiyoyajua. Siku nyingine majina hayaji kabisa, nao huvirudisha boksini.

Juzi Ummukulthum alikuwa jikoni anakata vitunguu, mumewe mezani na vyuma vyake.

"Mama Hayat," akamwita, "njoo ukae. Umesimama tangu asubuhi."

Akaweka kisu, akaenda kukaa.