Mzee wa Mlango na Ejo Yake

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule moja pembeni mwa mji wa Kasulu, na kila asubuhi niliingia darasani nimemshika mkono mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka minne. Nilimtandikia kipande cha khanga chini ya ubao, nikampa vifuniko vya soda tulivyotumia kuhesabia, nikamwambia asisogee mpaka kengele. Hakuwahi kutii. Watoto wakiitika "Ndiyo mwalimu," yeye aliitika "Ndiyo bibi," na darasa zima likavunjika mbavu. Baada ya wiki mbili wote waliniita bibi. Mwalimu mkuu alinionya kwamba wakaguzi wakija atasema hamjui mtoto huyo. Nikamjibu kwamba basi na mimi nitasema simjui mwalimu mkuu.

Sikuwa na wa kumwachia. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikwenda Mwanza kutafuta maisha, hayo maisha yakammeza. Mama yake alikuwa Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Mtabila. Kambi ilikuwa inafungwa na watu walirudishwa kwao kwa malori, sehemu baada ya sehemu. Mtoto alikuwa anasumbuliwa na kifua, na kule nyumba zilishaanza kubomolewa, kwa hiyo mkwe wangu akaniomba nikae naye mjini mpaka siku yao ijulikane. Tulikubaliana kwamba ikijulikana nitampeleka, aondoke na mama yake. Yeye hakuruhusiwa tena kutoka kambini, na simu yake haikuwa na pa kuchajiwa. Kazi ya kuijua siku hiyo ilikuwa yangu.

Niseme ukweli, sikuwa na haraka ya kuijua. Nilikuwa mjane katika nyumba ya vyumba viwili, na mtoto yule alikuwa amezoea kulala ameshika sikio langu. Kila nilipopanga kwenda kuulizia, nilikuta kuna madaftari ya kusahihisha.

Mimi ni mtu wa Kilosa, lakini miaka kumi na minane Kasulu ilinitosha kujua kwamba kwa Waha, na kwa Warundi vilevile, ejo ni jana na ejo ni kesho. Neno ni hilohilo, kitenzi ndicho kinachokuambia utazame nyuma au mbele. Ndiyo maana wanafunzi wangu waliandika "Kesho nilikwenda shambani," nami nikawapigia mstari kwa wino mwekundu, mwaka baada ya mwaka, tena kwa maneno makali. Kama kulikuwa na mtu katika wilaya ile aliyelijua kosa hilo, ni mimi.

Jumanne moja, wakati wa uji, mzee alipita nje ya uzio akisukuma baiskeli iliyofungwa mlango juu yake. Siku zile watu walinunua sana milango na miti ya nyumba za kambini. Nikamwuliza ametoka sehemu gani ya kambi, akanitajia ileile aliyokaa mkwe wangu. Nikamwuliza, "Malori yao lini?"

"Ejo," akasema, akaendelea kusukuma.

Ejo tupu, bila kitenzi. Ningeweza kumwita. Mtu mwenye mlango juu ya baiskeli hakimbii, na mimi nilikuwa na sauti ya kunyamazisha darasa. Lakini nilitazama ule mlango nikajiambia, mlango umeshang'olewa, basi wenyewe wameshaondoka. Jana. Moyo uliniuma, na ndani ya maumivu hayo kulikuwa na raha, nikaisikia na nikaona aibu. Nikarudi kumnywesha mtoto uji.

Jumatano nilifundisha kama kawaida.

Jumamosi, sokoni, mama mmoja aliyezoea kupeleka muhogo kambini alinishika mkono. Aliniuliza Jumatano tulikuwa wapi. Mkwe wangu, akasema, alikataa kupanda lori. Alipanda, akashuka kutazama barabara, akapanda, akashuka tena, mpaka wenzake wakamvuta juu, na lori likaondoka.

Nilichukua bodaboda saa ileile, mtoto mbele yangu, huku najua hakuna wa kumkuta. Tulikuta kuta za udongo zisizo na paa na mvua imeanza kuzilainisha. Mtoto aliniuliza nyumba yao ni ipi, sikuweza kumwonyesha. Mganga hajigangi, wanasema. Nilikaa juu ya tofali nikalia mbele ya mtoto, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Baada ya hapo nilifanya yote ambayo mtu asiye na uwezo hufanya. Nilikwenda Manyovu mara mbili, mpakani, na picha ya mtoto, nikawaonyesha madereva wa malori na wabadilisha fedha. Walinionea huruma, wakanipa kiti, hawakujua lolote. Niliandika barua kwa kila ofisi niliyoelekezwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nayazoa kwa barua.

Mwaka 2015 Warundi walianza kukimbia tena. Nilikuwa nimestaafu siku namba ngeni iliponipigia: mkwe wangu yuko Kibondo, kambi ya Nduta. Tukapanda basi. Mtoto alikuwa na miaka saba, Kirundi chote kimemtoka. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia niliambiwa ejo, nikaisikia jana. Nitamwambia sikuuliza mara ya pili, na kwa nini.

Tulipofika, mkwe wangu alimkumbatia mwanawe, mtoto akasimama kama kijiti. Kisha, kabla sijafungua mdomo, alinishika mikono yote miwili akaanza kusema Kirundi, haraka haraka. Alisema nisijilaumu hata kidogo. Siku ile mvua ilinyesha na barabara ilikuwa mbaya, alijua tuko njiani, malori ndiyo hayakusubiri. Miaka yote hii jambo moja tu lilimsumbua, na alitaka nimwambie.

"Mama, mlipofika, tulikuwa tumeondoka muda mrefu?"

"Si mrefu," nikamwambia.

Mtoto alinivuta khanga, akaniuliza mama anasemaje. Nikamwambia anasema umekua sana.