Msalaba Mweupe Chini ya Grisi

Mimi nina wivu, na sijawahi kulikana hilo. Mama yangu alikuwa hivyo, dada zangu wako hivyo, na mume wangu alijua kabla hajanioa. Kwa hiyo yule mjane mwenye kamyo alipoanza kuja kila Jumamosi kwenye garaje ya mume wangu, pale mtaa wa Panda, Likasi, sikungoja jirani aje kuninong'oneza. Nilihesabu mwenyewe. Jumamosi nne, kamyo ileile, ugonjwa uleule.

Ilikuwa kamyo kubwa ya dizeli, ya kubeba mahindi kutoka vijiji vya upande wa Mwadingusha. Ikipanda mlima na mzigo, nguvu zinaisha na moshi mweusi unajaa barabara. Hata mimi, mshona nguo wa Kikula, nilijua shida ni nini. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu iingie kwenye injini. Hewa ikivuja njiani, mafuta hayaungui vizuri, yanatoka moshi. Unatafuta tundu, unaliziba, kazi imekwisha. Mume wangu alikuwa anayapata matundu ya namna hiyo kwa asubuhi moja, na madereva walikuwa wanatoka mbali kumfuata kwa ajili hiyo.

Nilijua kwa sababu alinifundisha. Wakati wa uchumba hakuwa na kitu cha kunipa, maskini. Alinikalisha juu ya tairi kuukuu akanieleza turbo. Alisema gari inapumua kama mtu, na mtu ukimtoboa shavu, atapuliza mshumaa mpaka achoke na mshumaa hautazimika. Kisha akajaza hewa mashavuni, akanishika kidole, akaniambia nibonyeze. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Wenzangu walipewa vitenge. Mimi nilipewa lile shavu, na kwa miaka ishirini na miwili sikumsimulia mtu.

Jumamosi ya tano niliacha cherehani, nikafunga bukari, yaani ugali, na samaki kwenye kitambaa, nikaenda Panda. Chakula kilikuwa kisingizio tu, na mume wangu alijua, kwa sababu sijawahi kumpelekea chakula kazini. Mjane alikuwa amekaa juu ya tairi. Hakuwa mzuri. Hilo liliniuma zaidi, maana angekuwa mzuri ningejua nashindana na nini. Alisimama haraka akanipisha nikae, akanisalimu kwa heshima zote. Akanieleza shida yake bila kuficha: wanunuzi wake wa sokoni Kikula walikuwa wamechoka kungoja. Mzigo usipofika Jumatatu, wangempa kazi mwenye kamyo nyingine, na yeye alikuwa na watoto watano na kamyo hiyo tu. Nilianza kumwonea huruma kidogo. Hapo akacheka, akagusa uso wake.

"Papa alinielezeaka," akasema, akimwonyesha mume wangu. "Camion inapumuaka sawa muntu. Ukitoboa shavu, pumzi inapotea."

Nilihisi joto likinipanda mpaka masikioni. Ningemkuta amevaa nguo zangu, ningevumilia. Shavu langu! Nilimtazama mume wangu, naye akainama kutafuta ufunguo wa nati ambao alikuwa ameushika mkononi.

Nikaomba ndoo, maji, brashi na kipande cha sabuni. Mume wangu akasema alikwisha kupima, nisijichafue nguo bure. Nikamwambia nguo nitazifua mwenyewe kama siku zote. Umeme ulikuwepo siku hiyo, hakuwa na la kusingizia. Alifungua mpira unaoingiza hewa kwenye turbo, akaupachika kizibo chake, alichokitengeneza kwa kitako cha sufuria na kukitia valvu ya tairi, halafu akafungulia hewa ya kompresa taratibu. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hewa ilijaa tu ndani ikitafuta pa kutokea. Mimi nikaanza kupaka povu.

Alikuwa ananielekeza. Paka hapa, mama. Paka juu pale, kwenye radieta ya hewa. Nyuma kidogo. Sauti ya mume wangu naijua. Ilikuwa ileile ya siku alipovunja sahani ya harusi yetu, akanituma dukani ili apate kuficha vipande. Nikaanza kuuangalia upande ambao haonyeshi. Kulikuwa na mpira mnene chini, karibu na ukanda wa chuma unaoubana, umepakwa grisi nzito.

"Pale niliangaliaka," akasema. "Hakuna kintu."

Nani anapaka grisi kwenye mpira wa hewa? Hata mimi najua grisi inaulainisha mpira mpaka uoze. Nikachovya brashi, nikasugua kwa nguvu zote za mkono wa kufulia. Povu likavimba, likawa mapovu makubwa yanayopasuka na kuzaliwa upya palepale. Tundu ndilo hilo. Nikasugua tena, grisi ikatoka, na chini yake nikaona msalaba mweupe.

Hapo lazima nieleze. Mume wangu ana kopo dogo la rangi nyeupe, iliyobaki alipopaka kitanda chetu. Kila anapopata tundu, kabla ya kufanya kitu kingine chochote, anachora msalaba mdogo ili asilipoteze. Rangi ile ilikuwa imekauka, mkono mmoja wa msalaba umeanza kupasuka. Alikuwa amelipata tundu hilo tangu Jumamosi ya kwanza. Akachora msalaba kwa mazoea, kisha akaufunika.

Mjane alikuwa anakuja kuangalia. Nilitaka auone. Haki ya Mungu nilitaka, roho yangu yote ilitaka apige kelele watu wa Panda nzima wakusanyike. Lakini fundi anayeficha ugonjwa wa gari hapati tena mteja Likasi, na wanangu wanakula kwa jina la fundi huyu. Nikaweka dole gumba juu ya msalaba, nikaurudishia grisi.

"Nimeliona tundu," nikasema.

Mjane alipiga makofi, akanikumbatia na povu langu lote, akamtania mume wangu kwamba mkewe amempita. Nami nikacheka naye, mnafiki mkubwa. Mume wangu alienda kwenye rafu akachukua mpira mpya wa kipimo kilekile. Hata huo alikuwa nao tayari. Mchana kamyo ilipanda kilima bila moshi, na Jumatatu mahindi yalikuwa sokoni. Tangu hapo mjane hakuwa na sababu ya kuja Jumamosi, na hakuja.

Njiani kurudi Kikula nilimuuliza sababu, neno moja tu.

"Juu ya nini?"

Alisema hakumgusa yule mama hata kidole, na nilimwamini, ndiyo maana nilizidi kuumia.

"Minye nikisema, yeye iko anasikiliza," akasema.

"Na minye?"

"Weye unajuaka byote."

Wiki kadhaa zilipita. Jumapili moja tulipotoka misani, tumekaa uani, watoto wameenda kwaya, nilimwomba anieleze turbo tangu mwanzo, kama mtu asiyejua kitu. Nilikaa juu ya kigoda kifupi, karibu naye. Niliweka hata simu mbali. Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaanza. Alinieleza moshi unaozungusha turbo, akanieleza hewa, mipira, kanda za chuma, radieta, kila kitu kwa mpangilio wake, vizuri, kama anavyowaeleza wateja. Nilisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Shavu hakulitaja.