Utani Uliochapishwa Gazetini

Mpaka leo mtu akiniambia anaandika makala za maisha ya watu, namkaribisha chai, lakini habari za kwetu simpi. Nina sababu yangu, na si ndogo.

Ilikuwa enzi za ruksa, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuchomoza Dar kila kukicha. Gazeti moja likamtuma kijana huku deltani kumwandika mama yangu, mkata mikoko. Baba alipofariki, mama aliwaachia wanawake wenzake majembe ya mpunga, akachukua shoka la marehemu, akaingia matopeni pamoja na wanaume. Baada ya muda wao ndio wakawa wanamfuata. Boriti zake zilipakiwa kwenye malori ya wale matajiri wapya, ambao miaka michache nyuma tungewaita walanguzi. Mwandishi alisema watu wa mjini lazima wasome maisha kama hayo, waone nchi inavyogeuka. Mama alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye, maana nilikuwa nimeshaposwa, harusi ikisubiri mpunga uvunwe tu, nami nilitaka dunia nzima ijue ninatoka kwa nani.

Tukampa chumba cha mbele. Alikula wali wa nazi na kamba wa kukaanga, akamwita mama "mama" mpaka nikaona wivu.

Mwandishi akiwa bado kwetu, bibi mzaa baba akafariki, na watani wetu wakaja msibani, watu wa milimani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukukashifu hata mbele ya jeneza, na ukinuna aibu ni yako. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mkulima aliyehamia kijiji cha Mkongo, mtu wa vituko asiye na mfano. Alijifunga kanga ya mama, akabeba shoka lake begani, akapita katikati ya watu akiiga mwendo wake.

"Huyu mama muogopeni," akasema. "Mumewe hakufa kwa homa. Kamkata na shoka hili hili, kamfukia chini ya mikoko, ndiyo maana miti yake inanawiri. Leo kammaliza na mkwewe."

Watu walivunjika mbavu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alifia kitandani mwake, na wengi wa waliokuwa wakicheka ndio waliomzika.

Mwandishi alikuwa anaandika. Mama akamwambia, "Mwanangu, hao ni watani wetu. Maneno yao usiyabebe."

"Naelewa, mama," akajibu. "Hata kwetu tunao."

Nilimsikia kwa masikio yangu.

Gazeti tuliletewa na dereva wa lori, alilinunua Bungu. Mama hakujua kusoma, nikamsomea barazani. Sitamnyima haki yake, kijana alijua kuandika. Mikono ya mama aliieleza vizuri hadi nikaigeukia kuiangalia upya. Kisha nikafika mahali alipoandika kwamba wenyeji wananong'ona mumewe hakufa kwa homa. Shoka lilikuwepo, na mikoko inayonawiri. Utani hakuutaja popote.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Akauliza, "Kaandika kwamba alilala kwangu?"

Hakuwa ameandika. Nilimchukia kijana yule, na bado namchukia. Lakini yeye alikuwa mpita njia.

Yule baba mkubwa wa mchumba wangu alikuja siku chache baadaye. Siku zote aliingia kwetu kwa matusi, akidai chakula na kumwita mama mchawi. Siku hiyo alipiga hodi, akamwita mama "bibie", na chakula akakataa. Alisema wamekaa kama ukoo, na posa wameiondoa. Mchumba wangu hakuja wala hakutuma neno. Ilhali naye alikuwepo msibani, nilimwona akifuta machozi ya kicheko.

"Lakini maneno yale ni yako," mama akamwambia. "Uliyasema wewe, umevaa kanga yangu."

"Ni yangu, sikatai. Niliyasema kwa utani, na kila aliyekuwepo alijua. Sasa yanasomwa na watu wasiotujua. Watasema tumeoa kwa muuaji."

"Si uwaambie kwamba ni utani, na mwenye utani ni wewe?"

Nilimsubiri kwa roho yangu yote, maana neno moja kutoka kwake lingetosha kuirudisha harusi yangu.

"Basi wakikuuliza umeyatoa wapi," mama akasema, "utawajibu nini?"

Akavaa kofia yake, akasimama.

"Nitawajibu nimeyasoma gazetini."