Kiti Kilichogoma Njia ya Tucson

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba mikono iliyoshika kile kiti ndiyo hii ninayoandikia. Sikuwa usingizini, sikuwa nimelewa, wala sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, kazini, katika uwanja wa ndege wa Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, na kila nikiyakumbuka moyo hunienda mbio.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu. Mzee akishuka kwenye ndege na miguu haimbebi, naitwa mimi. Kiti chenye mtu na kiti kitupu navitofautisha kwa viganja tu, hata nikifumba macho.

Siku hizo nilikuwa na furaha ya kitoto. Mimi na Olivier tulikuwa tunapanga safari ya Tucson, mji wa jangwani kule Arizona. Niseme wazi ili tusipotezane: Olivier ni mwanamume mwenzangu, Mkongo wa Bukavu kule Kivu, na ndiye mpenzi wangu. Tulikuwa tunaishi fleti moja huko Crystal, pembeni mwa jiji, na watu wa Mombasa walioko Apple Valley, upande wa pili wa jiji, walimjua kama binamu yangu. Binamu! Mimi Mwislamu wa pwani, yeye mwimbaji wa kwaya kutoka Kivu. Watu walikubali, au walijifanya wamekubali.

Sasa tulikuwa tumepata mtandaoni nyumba ya wageni inayopokea wapenzi kama sisi bila maswali. Wee! Kila jioni theluji ikianguka nje, sisi tumezikodolea macho zile picha. Bwawa la kuogelea, madungusi ya miiba marefu kuliko nyumba, wanaume wawili wenye mvi wameshikana mikono wakinywa kahawa uani. Olivier alishanunua kofia ya jua na akawa anaivaa jikoni akipika. Mimi ndiye niliyejaza maombi ya chumba, na palipoulizwa vitanda vingapi, nikaandika viwili. Mazoea tu. Olivier akaona.

"Vitanda mbili juu ya nini?" akaniuliza. "Mimi naenda kule juu ya kulala kama mtu, hapana kama mwizi. Kama ni vitanda mbili, uende weye peke yako."

Hakupiga kelele. Alivua ile kofia akaiweka juu ya friji. Nilijua hatanii: nisipobadilika, safari imekwisha, na huenda na sisi tumekwisha.

Kesho yake alasiri niliitwa kwenye geti moja la mwisho, upande usio na watu. Nikamkuta bibi ameshakaa kitini, kajitanda leso, mikono ina hina mbichi. Nilifurahi kupita kiasi! Leso, Minnesota, mwezi wa Februari?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke kwenye ndege ya Tucson."

Nikaiangalia miguu yake kwanza. Usinicheke, sisi wa pwani ndivyo tulivyolelewa. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato za jini, imevaa soksi za sufu. Nikatulia, nikaanza kusukuma.

Unawajua wazee wetu, hawakai kimya. U mwana wa nani, wa mtaa gani, mamako hajambo? Kabla sijajibu akanitajia jina nililoitwa utotoni, jina ambalo hata Olivier halijui.

"Umelijuaje, bibi?"

"Mimi ni wenu, wa zamani kabla yako. Nimesikia wenda safari, nimekuja kukusindikiza. Wenda na nani?"

"Na binamu yangu," nikasema.

Kiti kikasimama. Niamini, hakikukwama. Nilikagua breki, ziko wazi. Nilitazama magurudumu, hayana kitu. Nikasukuma kwa mikono, nikasukuma kwa kifua, kiti kimekuwa kizito kama kabati la chuma. Na bibi mwenyewe mwembamba, ungembeba kwa mkono mmoja!

"Binamu zako nawajua wote," akasema bila kugeuka, "walio hai na walio kwetu. Huyo wa pili nimemtafuta, simuoni. Nitamsindikiza vipi mtu asiye na mahali?"

Nikajaribu, "Ni rafiki tu, bibi." Uzito ukazidi, vishikio vikanivuta mabega chini. Wewe ungefanya nini? Ningeweza kukimbia, lakini kilichonitisha si yeye. Nilimwona Olivier kichwani mwangu akitembea, na watu wangu wote wanampita kama hayupo, kwa sababu yangu mimi. Iliniuma vibaya sana. Basi nikasema kwa sauti kubwa, "Ni mpenzi wangu! Naishi naye na nampenda!"

Lahaula! Kiti kikachomoka chenyewe hata nikayumba. Nikakikimbilia huku nalia na kucheka, na bibi naye anacheka mpaka leso inamshuka mabegani.

"Ndiyo huyo!" akasema. "Sasa namuona. Mrefu, ana mwanya!"

Na kweli Olivier ni mrefu na ana mwanya.

"Buda, uko sawa?" Alikuwa Njoroge, mwenzangu wa kazini, amesimama na kiti chake karibu na geti la Tucson. "Mbona unapush kiti empty mbio hivyo, na unaongea na nani?"

Nikainama kutazama. Hakukuwa na mtu. Palibaki harufu ya udi, na Njoroge mwenyewe aliisikia.

Jioni ile nilifuta vile vitanda viwili nikaandika kimoja, Olivier akiangalia begani kwangu. Lakini mambo hayakuishia pale. Tangu siku ile, nikimwita Olivier binamu, chochote nilichoshika kinakuwa kizito. Niliwahi kuangusha sahani ya pilau mbele ya wageni wa Apple Valley.

Usiku wa kuamkia safari, mama akapiga simu kutoka Mombasa. "Wasafiri na nani, mwanangu?" Nikafungua mdomo niseme lile neno la siku zote, na simu ikaanza kunishusha mkono. Niliishika kwa mikono miwili, nikamwambia ukweli wote.

Mama akasema, "Mpe simu."

Olivier aliipokea akaenda nayo chumbani. Alirudi macho mekundu, anatabasamu, na mpaka leo amekataa kuniambia alichoambiwa. Asubuhi tukapanda ndege, na kule Tucson tulishikana mikono barabarani, mchana kweupe.

Basi nawe unayepanga safari, chunga unapoulizwa unaenda na nani. Wanaouliza si wote walio hai. Mtaje mtu wako kwa vile alivyo, maana ukimtaja kwa uongo, wako watakaokuja kumsindikiza na hawatamwona.